Maswali Yenu Kuhusu Sarafu za Prufu za Zamani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu prufu za Marekani, yaani sarafu zilizopigwa kwa uangalifu wa pekee ili zing'ae kama kioo, zilizopigwa Philadelphia kabla ya 1858, mwaka ambao kiwanda cha sarafu cha huko kilianza kuziuza wazi kwa umma. Kabla ya hapo zilitengenezwa chache mno, kwa ajili ya wageni wa heshima, maofisa na wakusanyaji waliofahamiana na watu wa kiwandani. Ndiyo maana ni adimu, na ndiyo maana wapo wanaojaribu kuziigiza.

Swali: Nimeletewa nusu dola ya 1834. Uwanja wake, yaani sehemu tupu isiyo na picha wala herufi, unang'aa kama kioo na muuzaji anasema ni prufu. Nitajuaje kabla sijatoa hela?

Jibu: Kioo peke yake hakithibitishi kitu. Muhuri (chuma kinachochapa picha kwenye sarafu) wowote mpya, au uliosuguliwa ili kufuta mikwaruzo, hutoa sarafu za kawaida zinazong'aa mpaka utakapoanza kuchakaa. Sarafu hizo ndizo zinazowaponza wanunuzi. Prufu ilipigwa kwa makusudi: mihuri ilisuguliwa ikawa kioo, kisahani cha fedha nacho kikasuguliwa, kisha kikapigwa kwa mashine ya parafujo iliyozungushwa kwa mikono, taratibu na kwa nguvu, mara nyingi zaidi ya pigo moja. Kazi ya namna hiyo huacha dalili zake, na hizo ndizo za kutafuta.

Zima taa zote ubaki na balbu moja, ya waya au ya haloji, iwe umbali wa sentimita 30 hadi 40. Shika sarafu ubavuni, juu ya kitambaa laini kilichokunjwa, uigeuzegeuze polepole. Sarafu ya kawaida huonyesha miale inayozunguka kama njiti za gurudumu, kwa sababu madini yanayosukumwa kuelekea ukingoni kila pigo huchimba vifereji vidogo kwenye uso wa muhuri. Prufu haina miale hiyo. Uwanja unatoka kwenye weusi kwenda kwenye weupe kwa mkupuo mmoja. Ukiona katikati ni kioo lakini karibu na nyota kuna miale hafifu inayotembea, hiyo ni sarafu ya matumizi iliyopigwa na muhuri mpya.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 5, kisha ya mara 10. Angalia mahali ambapo kitambaa cha kusugulia hakifiki: ndani ya herufi zenye tundu kama O na D, kati ya meno ya ukingo, kati ya mistari ya ngao. Kwenye prufu kioo huingia hadi humo. Sarafu iliyong'arishwa na fundi baadaye hung'aa uwanjani tu, na vipembe vya herufi zake huwa vimelainika na kupoteza ncha. Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, maana ni vigumu sana kuighushi.

Usiache kupima uchapaji wenyewe. Kila nyota iwe na mistari yake hadi katikati. Utepe wenye maneno E PLURIBUS UNUM juu ya tai usomeke wote. Kwenye sarafu za kawaida za aina hii mara nyingi sehemu yake huwa imefifia. Tazama pia kifungo cha nguo begani pa Liberty, mwanamke anayewakilisha uhuru, na kucha za tai. Ubavuni pameandikwa FIFTY CENTS OR HALF A DOLLAR, na herufi hizo ziwe kali. Uzito unaotakiwa ni gramu 13.48 na kipenyo ni takriban milimita 32.5.

Mwisho, linganisha mihuri. Nusu dola za miaka hiyo zimeorodheshwa kwa jozi za mihuri, kwa namba za Overton (mwandishi wa orodha hiyo), na unaweza kutambua jozi kwa mahali tarakimu, nyota na herufi zilipokaa. Tafuta picha kubwa za prufu za mwaka huohuo zenye vyeti vya wakaguzi wa sarafu katika kumbukumbu za minada. Ikiwa jozi ya sarafu yako haijawahi kuonekana kwenye prufu yoyote inayokubalika, muuzaji ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mistari iliyoinuka ya nyufa za muhuri nayo iongeze shaka, kwani muhuri uliopasuka umeshapiga sarafu nyingi.

Swali: Nimeona prufu yenye daraja la 45 mnadani. Si prufu lazima iwe mpya?

Jibu: Hapana. Prufu ni namna ilivyotengenezwa, wala haihusu hali iliyonayo leo. Kwenye kipimo cha Sheldon cha 1 hadi 70, prufu isiyotumika hupewa 60 hadi 70. Iliyoingia sokoni na kulika kidogo hubaki prufu, ila namba hushuka chini ya 60. Kwa mkusanyaji mwenye mfuko mdogo hii ni njia nzuri, mradi kioo kionekane pembeni mwa picha na kati ya herufi.

Swali: Prufu yangu ina mistari myembamba sana uwanjani. Je, imesafishwa?

Jibu: Inategemea mistari imeinuka au imezama. Iliyoinuka ilitoka kwenye muhuri: ni mikwaruzo ya kuusugua, na sarafu ikaipokea kinyume. Mistari hiyo hukomea pale picha au herufi inapoanza, kwa sababu jiwe la kusugulia halikuingia kwenye mashimo ya muhuri. Haina ubaya wowote. Tena inasaidia kutambua muhuri gani ulitumika. Iliyozama ni ya kitambaa au kidole. Huvuka uwanja, ikapanda shavuni kwa Liberty, ikaendelea upande wa pili.

Ukweli ni kwamba prufu nyingi za kale zina kiasi fulani cha mistari iliyozama. Wakusanyaji wa karne ya 19 walizifuta vumbi kwa kitambaa, na droo za makabati zilizisugua kila zilipovutwa. Ukikuta prufu ya miaka ya 1840 isiyo na hata mstari mmoja, furahi, lakini ikague mara mbili.

Swali: Senti ya tai anayeruka ya 1856 inauzwa bila cheti kwa bei nafuu. Ninunue?

Jibu: Bila cheti, usinunue. Hii ni sarafu inayoghushiwa kila siku, na njia rahisi ni kuchukua ya 1858 na kukwangua tarakimu ya mwisho hadi 8 ifanane na 6. Lakini unaweza kuipima mwenyewe ndani ya dakika chache.

Tazama tarakimu 5 kwanza. Katika sarafu halali, ule mstari wa wima wa 5 ukiurefusha kwa macho kwenda chini, unaangukia katikati ya kitufe kilicho kwenye mkia wa tarakimu hiyo. Ukiangukia kushoto mwa kitufe, iache. Kisha tazama neno AMERICA: herufi A na M zimegusana miguuni. Sarafu za 1858 ziko za aina mbili, na mojawapo ina herufi ndogo ambamo A na M zimeachana. Mghushi asiyejua tofauti hiyo hujifunga mwenyewe. Baada ya hapo kagua ndani ya 6 kwa lenzi ya mara 10. Mahali palipokwanguliwa uwanja huwa na mbonyeo au rangi tofauti. Mizani isome karibu na gramu 4.67. Madini yake ni shaba asilimia 88 na nikeli asilimia 12, na sumaku haiishiki.

Swali: Nusu senti za miaka ya 1840 zinaitwa "asili" na "zilizopigwa upya". Tofauti ni nini?

Jibu: Kuanzia 1840 hadi 1848 nusu senti zilitengenezwa kama prufu tu, bila toleo la matumizi. Baadaye kiwanda kikarudia kuzipiga kwa tarehe zilezile ili kuwaridhisha wakusanyaji. Geuza upande wa nyuma utazame matunda kwenye shada la majani: makubwa ni asili, madogo ni ya marudio. Zote mbili ni adimu na zote zilitoka kiwandani, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba za marudio ni bandia.

Swali: Kwa nini dola ya 1804 inahesabiwa kuwa prufu ya miaka ya 1830?

Jibu: Kwa sababu hakuna dola yenye tarehe ya 1804 iliyopigwa mwaka huo. Kumbukumbu za kiwanda zinataja dola 19,570 za 1804, lakini zilipigwa kwa mihuri yenye tarehe za nyuma. Mwaka 1834 serikali ya Marekani iliagiza seti za sarafu za kuwatunuku watawala wa Asia, nao mafundi wakachonga tarehe ya mwaka wa mwisho uliotajwa vitabuni. Mjumbe Edmund Roberts alikabidhi seti moja mwaka 1835 kwa Sultani wa Muscat, Sayyid Said bin Sultan, huyohuyo aliyeitawala Zanzibar. Nyingine ilikwenda kwa Mfalme wa Siam mwaka uliofuata. Roberts alifariki Macau mwaka 1836, na seti zilizobaki hazikuwafikia waliokusudiwa.

Dola za kundi hili la kwanza zinazojulikana ni 8. Baadaye, karibu na 1858, zilipigwa nyingine kwa siri, na leo zinajulikana 8 za wakati huo. Mojawapo ilipigwa juu ya sarafu ya Uswisi ya 1857 na iko kwenye makumbusho ya Smithsonian. Jumla ni 16, na zote zinafuatiliwa. Ile inayoaminika kuwa ya Sayyid Said iliuzwa mwaka 1999 kwa dola 4,140,000. Kwa hiyo dola ya 1804 inayotolewa mfukoni mwa mtu isikupotezee muda.

Swali: Sarafu yangu imekaa kwenye mfuko laini wa plastiki na sasa ina utando wa kijani unaonata. Niifanyeje?

Jibu: Hiyo ni PVC, aina ya plastiki laini, inayooza. Hutoa asidi inayokula madini, na kioo cha prufu ndicho kinachoumia kwanza, kwa hiyo fanya haraka. Nunua asetoni safi kabisa. Ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato, haifai. Andaa vikombe vitatu vya kioo, maana plastiki huyeyuka. Fanya kazi mahali penye hewa na mbali na moto; asetoni hushika moto upesi mno.

Laza sarafu kwenye kikombe cha kwanza dakika 5, uitikise taratibu bila kuigusa kwa pamba wala brashi. Ihamishie cha pili dakika 5 nyingine. Cha tatu ni cha kusuuza kwa asetoni ambayo haijatumika. Ukiruka hatua hii, uchafu ulioyeyuka utakauka juu ya sarafu kama ukungu. Itoe ikiwa imesimama kwa ubavu ili asetoni iteleze, iache ikauke yenyewe. Utando ukibaki, rudia kwa kuloweka saa kadhaa ndani ya chombo kilichofunikwa.

Asetoni huondoa mafuta na plastiki tu. Haigusi rangi ya uzee, na haiwezi kurudisha kioo kilichokwisha kuliwa. Usijaribu dawa za kung'arishia fedha: kila ukichovya hung'oa tabaka jembamba la uso, na prufu iliyochovywa mara kadhaa hubaki na weupe uliokufa.

Baada ya hapo hifadhi kwenye kasha gumu lisilo na PVC, au kifuko cha polyester. Epuka bahasha za karatasi ya kawaida, mipira ya kufungia na makabati ya mwaloni, kwani hutoa salfa na asidi. Weka pakiti ya silika jeli ndani ya boksi, uibadilishe au uikaushe kila inapojaa unyevu. Na usizungumze ukiwa umeinamia prufu iliyo wazi. Tone la mate lisiloonekana leo litakuwa doa jeusi baada ya miaka michache, na doa hilo likishaingia kwenye uwanja halitoki bila kuacha kovu.