Cheti kwa mwashi aliyejifunzia kazini

Umeuliza kama mdogo wako aliyejifunzia uashi kwenye saiti anaweza kupata cheti cha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya Tanzania, bila kuanza kozi nzima upya. Ndiyo, anaweza, kwa sababu mamlaka hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake na mapengo yanayoonekana huzibwa kwa mafunzo mafupi. Nasema haya nikiwa mwashi hapa Moshi, niliyeanza kama saidia fundi na kubeba zege muda mrefu kabla ya kukabidhiwa mwiko. Kwa niliyoyaona, kinachotusumbua sisi wa mtaani si kupanga tofali wala kutumia timazi na pima maji, bali ni kusoma ramani, kukadiria saruji na mchanga kwa hesabu, na kueleza kwa nini pembe mraba ya msingi hupatikana kwa pembetatu yenye pande za vipimo vya 3, 4 na 5, jambo ambalo wengi tunalifanya kila siku kwa kamba bila kulijua vizuri. Ayafanyie mazoezi hayo mapema, kisha aende chuo cha VETA Moshi kuulizia tarehe za upimaji. Hata hivyo, cheti hicho huthibitisha ujuzi tu. Akitaka kufanya kazi kama mkandarasi, ni lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.