Ruaha na watoto: lala ndani ya hifadhi

Dada, umesema mnatoka Dodoma mwezi wa nane, siku tatu Ruaha na watoto wawili, na hamjui mlale Iringa mjini, kijijini Tungamalenga au ndani ya hifadhi. Mimi nakushauri mlale ndani.

Iringa mjini ni nafuu, ila kutoka pale hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita 100. Ukienda na kurudi kila siku, watoto watachoka, na ile alfajiri ambayo simba bado wako barabarani itakukuta safarini. Itumieni Iringa kwa usiku wa kwanza tu, maana njia ya kutoka Dodoma kupitia Mtera nayo ni ndefu.

Msembe kuna mabanda ya kulala ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, karibu kabisa na mto. Agosti maji yamepungua, na wanyama hujikusanya kwenye madimbwi yaliyobaki. Nilikaa pale nikamtazama tembo akichimba mchanga mkavu kwa mguu, taratibu, mpaka maji yakachuruzika, na mwanawe akasubiri zamu yake. Hayo huyaoni ukiwa unakimbizana na muda wa geti. Wekeni nafasi mapema, na bebeni chakula chenu.

Mabanda yakijaa, Tungamalenga ni chaguo zuri, kijiji kiko nje kidogo ya hifadhi.

Usiwavishe watoto nguo nyeusi wala bluu iliyokoza, mbung'o huzipenda mno. Na usiku, hata choo kikiwa hatua kumi tu, mtoto asitoke peke yake.