Mwaridi Haununuliwi kwa Picha

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: mwaridi ulitoka kitaluni umejaa maua, miezi sita baadaye imebaki miiba. Nimechukua sita zinazowagusa wengi.

Shikamoo Bibi Shamba. Huku kwetu ni joto na unyevunyevu mwaka mzima. Mawaridi yangu yanachanua asubuhi, jioni yameshapukutika. Majani yana madoa meusi, yanageuka manjano na kudondoka. Napiga dawa kila wiki. Nakosea wapi?

Marahaba. Kosa lilianza siku ya kununua. Bila shaka ulivutiwa na ule wenye shina refu na ua moja kubwa kileleni. Hiyo ndiyo miwaridi chotara ya chai (kwa Kiingereza hybrid tea), na mingi ilizalishwa na watu wa nchi za baridi. Kwenye joto kali ua linaharakishwa: linafunguka likiwa dogo, na kufika jioni limechoka. Hakuna dawa ya kubadili hilo.

Tafuta miwaridi ya Kichina, au ile ya chai yenyewe, ambayo asili yake pia ni China. Ipo pia jamii ya Noisette, iliyoanzia Charleston, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, mji ambao kiangazi chake ni cha jasho kama huko kwako. Mimi kwa ‘Mutabilis’ sijiwezi. Ua lake linafunguka na rangi ya asali, baadaye linakuwa la pinki, mwisho jekundu lililoiva, kwa hiyo kichaka kimoja kinabeba rangi tatu kwa pamoja. Petali ni tano tu, nakuonya mapema. Ukitaka ua lililojaa zaidi, chukua ‘Old Blush’.

Sasa madoa. Chuma jani moja ulishike juani. Ukingo wa doa haukunyooka. Umetawanyika kama wino uliodondokea kitambaa. Huo ni ukungu uitwao Diplocarpon rosae, na vimelea vyake vinahitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi ndipo viingie. Je, unamwagilia jioni, tena kwa kunyunyiza juu? Basi unawatandikia kitanda cha usiku kucha. Mwagilia asubuhi, chini shinani, maji ya kushuka kabisa mizizini, mara mbili kwa wiki kuliko kidogokidogo kila siku. Majani yaliyoanguka yaokote yote uyatupe mbali, wala usiyatie kwenye mboji. Panda kwa nafasi ili upepo upite katikati. Mwaridi upate jua la asubuhi la kutosha, la alasiri kali likingwe.

Nina mwaridi wa kale wa Ulaya, wa jamii ya Damask. Hapa hakuna majira ya baridi. Mwaka wa tatu huu ni majani matupu. Niongeze mbolea?

Usiongeze! Utazidisha majani. Damask na jamii nyingine za kale, Gallica na Alba, nyingi huchanua mara moja kwa mwaka, na zinahitaji miezi ya baridi ndipo ziamke. Bila baridi zinakaa tu zikingoja, na wewe unangoja pamoja nazo.

Kama unachotafuta ni ile harufu, hamia kwa jamii ya Bourbon. Hiyo ilitokea kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi, ambako wakulima walizungushia mashamba yao wigo wa miwaridi; Damask inayochanua zaidi ya mara moja ikakutana na ‘Old Blush’ wa Kichina, mbegu ikaota mwaridi mpya. Kutoka China ulipata tabia ya kuchanua tena na tena, na kutoka kwa Damask ukapata harufu. ‘Souvenir de la Malmaison’ ya mwaka 1843 ni mtoto wa ukoo huo. Ila mvua ikizidi, vitumba vyake hugandamana na kuoza kabla havijafunguka, kwa hiyo uupe mahali pakavu.

Nakaa karibu na bahari. Mchanga mtupu, na kingo za majani zinaungua.

Chumvi hiyo. Inaletwa na upepo, na pengine na maji ya kisima chako pia; yaonje. Kwenye pwani za baridi jibu ni Rosa rugosa, mwaridi wa majani yaliyokunjamana unaoota wenyewe kwenye mchanga wa ufukweni huko Japani na Korea. Kwenye pwani ya joto jingi hautakufaa. Hapo uliza mche uliobebeshwa, yaani tawi la mwaridi mmoja lililounganishwa kwenye shina la mwingine, na shina liwe la ‘Fortuniana’, ambalo mizizi yake inasambaa vizuri mchangani na kuwastahimili minyoo fundo, wale wadogo wanaoshambulia mizizi. Panda nyuma ya ukuta au wigo, changanya mboji nyingi, na baada ya siku za upepo mkali suuza majani asubuhi kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Mimi niko ugenini, theluji inakaa miezi minne. Kila masika nakuta kijiti kikavu.

Pole. Nunua iliyozalishwa kwa baridi hiyo. Huko Ottawa, Kanada, mtafiti Felicitas Svejda alitoa kundi zima lililopewa majina ya wavumbuzi wa nchi wa zamani: ‘John Cabot’, ‘William Baffin’ na wenzao. Huko Iowa, Marekani, mzalishaji wa miwaridi Griffith Buck alitoa ‘Carefree Beauty’ mwaka 1977. Miwaridi yake alikuwa anaipanda bila kuilinda kwa baridi wala kuipiga dawa, inayokufa ife. Chagua mche uliosimama kwa mizizi yake wenyewe. Kama umebebeshwa, kifundo cha kubebeshea, pale tawi lilipounganishwa na shina, kifukie sentimita 5 hadi 10 chini ya udongo. Kwenye joto ni kinyume chake: kiache juu.

Mwaridi wangu mweupe umegeuka mwekundu. Inawezekana?

Haukugeuka, umekufa. Yaliyonikuta mimi ndiyo hayo. Nilikuwa na mwaridi wa njano ukadhoofika, kisha pembeni likachomoza tawi lenye nguvu ajabu. Nikalifunga kamba kwenye ukuta, nikalilisha samadi, nikawaonyesha wageni. Miaka miwili! Lilipochanua, ua lilikuwa dogo, jekundu la damu, likatoa mara moja likanyamaza. Ndipo nikafukua: tawi lilikuwa limetoka chini ya kifundo. Nilikuwa nalea ‘Dr. Huey’, shina la kubebeshea.

Kwa hiyo ukiona chipukizi la ajabu, ondoa udongo ufuate hadi linapoanzia. Likiwa chini ya kifundo, lishike kwa glavu ulinyofoe kwa kulivuta chini, litoke na kisigino chake. Ukilikata kwa mkasi linarudi na ndugu zake.

Binti yangu anaolewa tarehe 12 Desemba na anataka maua ya bustani ya mama yake. Miwaridi yangu inachanua mwaka mzima. Nipogoe lini?

Mwaridi uliopogolewa huchukua wiki 6 hadi 8 kuchanua tena, na kwenye joto ni mapema zaidi. Usiweke yote kwenye siku moja. Kata theluthi ya vichaka tarehe 17 Oktoba, theluthi nyingine tarehe 24, na iliyobaki tarehe 31. Ondoa kama theluthi moja ya urefu, juu kidogo ya jicho (pale tawi jipya linapochipukia) linalotazama nje, na matawi yaliyokufa yote. Mwagilia vizuri siku hiyo. Vitumba vikianza kuonekana, acha mbolea ya naitrojeni.

Siku yenyewe kata kabla jua halijapanda, ua likiwa nusu limefumba, na ndoo ya maji uwe nayo mkononi hapohapo bustanini. Na hongera, mama harusi mtarajiwa.