Miche yako imeunguzwa na chumvi, si na mwani

Ndugu yetu wa Pangani, umeuliza kwa nini miche ya nyanya imekauka ncha za majani siku tatu tu baada ya kuimwagia maji ya mwani, ile mbolea ya maji inayotengenezwa kwa kuloweka mwani wa baharini. Pole sana. Hapa Jambiani nilipoteza kitalu kizima cha tungule (ndizo nyanya) kwa namna hiyo hiyo, nikidhani ni ugonjwa. Ilikuwa chumvi.

Pwani yetu ya mashariki ya Unguja inalima mwani tangu 1989, na mama yangu ni mkulima. Nachukua ule unaokatika kambani kusi ikivuma, na ule uliopauka ambao wanunuzi hawautaki. Usiuchanganye na majani ya bahari, yale marefu ya kahawia yanayosukumwa ufukweni. Hayo ni magumu na hayaozi upesi. Mimi huyaacha yanyeshewe kwanza, kisha nayatandaza chini ya mipapai.

Kosa langu lilikuwa kuosha mwani kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi vya huku pwani vina chumvi tayari! Siku hizi nakinga maji ya mvua kwenye bati. Nasuuza mara tatu, halafu naonja kwa ulimi maji ya suuzo la mwisho. Yakiwa bado na ladha ya chumvi, narudia. Ila usiuloweke kutwa, maana potasiamu, kirutubisho cha mmea, nayo hutoka na maji, na hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Ukishasuuza, katakata kwa panga. Ndoo mbili za mwani natia kwenye pipa, najaza ndoo nne za maji, nabakisha nafasi juu kwa sababu linatoa povu. Nafunika kwa kipande cha chandarua, gesi itoke na mbu wasizalie humo. Koroga kila baada ya siku mbili. Linanuka kweli, liweke mbali na madirisha ya watu. Kwa joto letu wiki nne hunitosha: harufu inapungua, na maji yanakuwa kama chai ya rangi.

Chuja. Kopo moja kwa makopo 10 ya maji. Kwa miche michanga, makopo 20. Mwaga shinani jioni, udongo ukiwa na unyevu, mara moja kila wiki mbili.

Na tafadhali usiache samadi. Mwani una naitrojeni na fosforasi kidogo mno. Mchicha wangu niliolisha mwani mtupu ulikuwa wa manjano mpaka nilipoongeza mbolea ya kuku. Faida yake naiona zaidi kwenye tungule na bilinganya zinapoanza maua.

Miche uliyobakiwa nayo usiing'oe bado. Mwagilia maji matamu kwa wingi, siku mbili mfululizo, chumvi ishuke chini ya mizizi. Yangu michache iliyokuwa bado na kijani katikati ilichipua tena.