Ukiambiwa ukuta wako umeinama, usingoje

Ukuta wangu wa uzio ulianguka usiku wa mvua, ukalalia gari la jirani. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani. Asubuhi nilipokwenda kuomba radhi, jirani hakugomba. Alinionyesha simu tu. Ujumbe wake wa miezi miwili nyuma ulikuwepo: "Jirani, ukuta wako unainamia kwangu, naomba uuangalie." Chini yake jibu langu: "Sawa, nitaleta fundi."

Na fundi nilimleta. Akaziba ufa kwa plasta, akapaka rangi, nikaridhika. Lakini ufa ule ulikuwa unaingia kidole, umekata mshazari kutoka juu hadi karibu na msingi. Ufa wa hivyo plasta hauuponyi. Upande wangu nilikuwa nimejaza udongo wa bustani hadi usawa wa kiuno, na ukuta haukuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Udongo ukalowa, ukawa mzito, maji yakakosa pa kutokea, yakausukuma ukuta.

Nilijitetea kwamba mvua haina mwenyewe, na kwamba kosa ni la fundi. Ule ujumbe uliniziba mdomo: nilikuwa nimeonywa.

Hoja ya onyo ni ya kale sana. Sheria za mji wa Eshnunna, huko Mesopotamia, karibu miaka 3,800 iliyopita, zilisema kwamba mwenye ukuta unaotaka kuanguka akijulishwa na asiuimarishe, kisha ukaua mtu, kesi yake ni ya roho, yaani ya adhabu ya kifo. Ufaransa, tangu 1804, sheria humbebesha mmiliki madhara ya jengo lililoporomoka kwa kukosa matunzo au kwa ubovu wa ujenzi. Japani, kifungu cha 717 cha sheria ya madai huanza na anayelikalia jengo. Huyo akithibitisha kwamba alichukua tahadhari inayotakiwa, mzigo humrudia mwenye mali, hata kama hakuzembea. Fundi aliyejenga vibaya, mwenye mali atamdai baadaye. Kwa hiyo usimwambie aliyeumia akamtafute fundi. Mlipe, halafu wewe ndiye umtafute.

Ushauri wangu basi. Ukionyeshwa ufa, siku hiyohiyo zuia watu na magari upande huo, upige picha, kisha shusha timazi, ile kamba yenye uzito mwishoni, uone ukuta umetoka kiasi gani. Ukiwa umeinama, mwite mhandisi. Fundi wa rangi mwache kwanza. Kama una wapangaji, waambie wazi, na wakikuletea taarifa usiwaone wasumbufu. Sera ya bima nayo isome mapema, hasa sehemu ya madhara kwa watu wengine. Na wewe unayeuona ukuta wa mwenzio unainama, mwandikie, weka na tarehe. Maneno ya juujuu mlangoni husahaulika.

Ukuta mpya una matundu ya maji kila hatua mbili, na udongo nimeushusha. Kabla haujapigwa plasta nilimwita jirani aje auone. Aliinama akachungulia tundu moja moja, hadi la mwisho.