Rasimu yangu ya sheria ndogo ya viuatilifu imerudishwa mara mbili. Nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni afisa afya mazingira katika halmashauri moja ya mkoa wa Tabora, huku kwenye tumbaku, mwaka wangu wa pili kazini. Mkurugenzi ameniagiza niandae rasimu ya sheria ndogo ya kuwakinga wananchi na kemikali hatari. Nimeandika kurasa kumi na moja. Nimepiga marufuku viuatilifu (dawa za kuua wadudu na magugu) vyote vyenye utepe mwekundu, alama ya sumu kali kabisa, nimemtaka kila mkulima avae glavu, barakoa na mabuti, na kifungu cha mwisho kinakataza kubebea maji kwenye madumu matupu ya dawa. Mwanasheria wetu ameirudisha mara mbili, anasema inagongana na sheria mama. Halmashauri ina mamlaka gani hasa kwenye mambo haya, na mimi nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwanasheria wako yuko sahihi, ingawa angekuonyesha na mahali penyewe panapogongana ungelala mapema. Ni hicho kifungu cha marufuku. Kusajili kiuatilifu, kukinyima usajili au kukifutia ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyotokana na Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 na kurithi kazi za TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu pale Arusha. Kemikali za viwandani na majumbani ziko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya 2003. Taka hatarishi utazikuta chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na huko utakutana na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Baraza la madiwani haliwezi kuharamisha bidhaa iliyosajiliwa na mamlaka ya taifa. Hata madiwani wakipitisha kwa makofi, rasimu lazima ipate idhini ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kabla ya kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na hapo ndipo itakapokwama.

Lakini usiitupe. Ukali wa sumu ni jambo moja, sumu kumfikia mtu ni jambo jingine. Sumu iliyofungiwa stoo yenye kufuli ni kali vilevile, ila haijampata mtu. Ili imdhuru inahitaji njia: mdomo, ngozi au pua. Rasimu yako imeandikwa kwa kufuata ukali wa sumu, na huko kuna wenyewe. Iandike upya kwa kufuata njia, kwa sababu nyingi ya njia hizo zinapita sokoni, kisimani na jikoni, sehemu ambazo halmashauri ina kauli.

Anza na duka. Tembea siku ya gulio uone dawa inavyouzwa: muuzaji anafungua chupa ya lita moja, anawapimia wateja kwenye chupa za soda. Kisheria kiuatilifu kinatakiwa kibaki kwenye chombo chake chenye lebo, na sababu yake ni nzito. Ule utepe wa rangi, nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, bluu na kijani, umewekwa hata kwa asiyejua kusoma. Chupa ya soda haina utepe. Ikifika nyumbani ikawekwa kando ya mafuta ya kula, mtoto hana cha kumwonya. Na lugha yetu yenyewe haimsaidii, maana sumu hii tunaiita "dawa", jina lilelile la kitu anachopewa zahanati. Leseni za biashara na meza za soko viko mikononi mwenu, kwa hiyo mnaweza kuamua dawa iuzwe wapi, itengwe umbali gani na unga na dagaa, na mpimaji wa reja reja afanywe nini.

Sasa njoo kwenye kile kifungu ulichokiweka mwisho. Ningekuwa wewe, ningekifanya cha kwanza. Chupa "tupu" si tupu. Chukua chupa ya lita moja iliyobakiza mililita 10 za dawa baada ya kumiminwa. Mkulima akitia maji robo lita, akafunga, akatikisa kwa nusu dakika na kumimina kwenye bomba la kupulizia, zile mililita 10 zinazobaki sasa ni mchanganyiko uliopunguzwa mara 26. Akirudia mara ya pili na ya tatu, unazidisha 26 kwa 26 kwa 26: imepungua zaidi ya mara 17,000. Dawa halisi iliyobaki haifiki hata sehemu moja ya elfu ya mililita, na yote iliyotoka imeenda shambani ilikonunuliwa iende. Hakuna mtambo hapo, ni maji na subira. Hata hivyo plastiki hunywa dawa kwenye kuta zake, kwa hiyo baada ya kusuuza chupa itobolewe isiweze kubeba kitu tena. Katazo la "usibebee maji" huwezi kulisimamia, huwezi kuingia kila jiko. Lakini chupa isiyotobolewa iliyookotwa shambani inaonekana kwa macho. Andika kifungu ambacho mtendaji wa kijiji anaweza kukikagua akipita kwa baiskeli.

Angalizo: usiandike kwamba zichomwe. Moshi wake ni sumu nyingine, na mtakuwa mmeihamisha kutoka mdomoni kwenda puani. Kuzikusanya na kuzisafirisha nako kunahitaji kibali, kwa kuwa ni taka hatarishi. Zungumza na NEMC kabla hujaweka neno "kituo cha kukusanyia" kwenye rasimu.

Nikudokeze jambo moja la baraza. Zamani nilisimama mbele ya madiwani wa halmashauri moja nikaeleza jinsi viuatilifu vya jamii ya oganofosfati vinavyozuia kimeng'enya cha mishipa ya fahamu, mtu akatokwa mate na jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano. Walisinzia. Nikataja asali, kwamba dumu la dawa likiwekewa asali ya Tabora, masalia ya sumu yakigunduliwa maabara mzigo mzima unakataliwa. Chumba kizima kiliamka. Wengi walikuwa na mizinga.

Kwa kuwa mko kwenye tumbaku, kuna sumu isiyotoka kwenye chupa. Jani bichi lililolowa umande linapitisha nikotini kwenye ngozi ya mvunaji. Jioni ana kizunguzungu, anatapika, watu wanasema malaria. Watoto huumia upesi zaidi kwa udogo wa miili yao. Kwa hilo huhitaji kifungu kipya, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi za hatari. Itaje tu, uwakumbushe watendaji wa kata.

Ile hoja yako ya kuzuia dawa za utepe mwekundu nayo usiisahau, ila ipeleke kwa mwenye mamlaka, TPHPA, na uipeleke na ushahidi. Pitia vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za wagonjwa, vya zahanati na vituo vyenu kwa miaka mitatu. Wagonjwa wa sumu wamo, mara nyingi wameandikwa "sumu" tu bila jina la bidhaa. Waombe waganga kuanzia sasa waandike jina lililo kwenye chupa. Nchini Sri Lanka, serikali iliondoa sokoni viuatilifu vikali zaidi kwa awamu, hatua kubwa ikiwa mwaka 1995, na katika miaka iliyofuata vifo vya kujiua vikashuka kwa zaidi ya nusu, bila mavuno kuporomoka. Hakuna glavu wala semina iliyowahi kuleta matokeo kama hayo. Uamuzi wa namna hiyo kwetu hufanywa ngazi ya taifa, na huko hawatauona mgonjwa wa kijijini kwenu kama hujamwandika.

Kuhusu hatua zenyewe: tangazeni kusudio la kutunga sheria ndogo, pokeeni maoni na mapingamizi ya wananchi, ndipo baraza la madiwani lijadili na kupitisha, kisha ipande kwa Mkuu wa Mkoa na kwa Waziri. Ni safari ndefu. Wakati mnasubiri, kijiji chenye uongozi mzuri kinaweza kutunga sheria ndogo yake ya chupa na visima, ikaidhinishwa na halmashauri yenyewe. Chagua kimoja mjaribie hapo. Mtajua upesi ni maneno gani hayasimamiki.

Na kile kifungu cha glavu, barakoa na mabuti, kitoe. Mkulima anapulizia mwezi wa kumi na mbili, jua la Tabora kichwani, bomba la lita 16 mgongoni. Utakuwa umewafanya wote wavunja sheria siku ya kwanza.