Samaki wanne kufa usiku mmoja

Pole mkuu, umeuliza nini kimeua samaki wako wanne wa kufuga usiku mmoja, kama ni sumu au jicho la mtu. Kama uliwatupia mkate mwingi jioni kwa vile unasafiri kwenda Moro, asubuhi shemeji kakuta wanne wanaelea, basi mi sioni sumu hapo wala jicho la mtu, ni huo mkate. Unaoza, maji yanajaa amonia (kemikali kali inayotokana na uozo), oksijeni inapungua, na kwa joto hili la Dar maji yenyewe hayabebi oksijeni nyingi, sasa umeme ukikatika na pampu ikazima ndo basi tena. Wape wanachomaliza dakika mbili tu, ukisafiri siku mbili tatu waache, hawafi njaa. Waliobaki wabadilishie robo ya maji sio yote, ya bomba yalaze kwenye ndoo siku nzima klorini, ile dawa ya kusafishia maji, ipungue. Mi niliua saba hivyo hivyo Sinza, nikamlaumu muuzaji bure.